Ufukweni, bondeni au juu Newala: pa kujenga kusini, kwa kutazama maji na upepo

Shemeji yangu anastaafu mwakani. Ameuguza wagonjwa Dodoma karibu miaka thelathini, sasa anataka kurudi kusini, ajenge nyumba ya vyumba vitatu na alime kidogo. Ndugu wamemwonyesha sehemu tatu: kiwanja cha pwani upande wa Naumbu, shamba la bondeni jirani na Mto Lukuledi ukishapita Mnazi Mmoja, na eneo lenye mikorosho kule Newala. Kila ndugu anasifia kwake. Amenipigia simu mara nne, swali ni lilelile: "Shemeji, nichukue lipi?"

Kwenye simu nilikwepa, maana jibu lake halimaliziki kwa vocha ya buku. Watu wakisikia Mtwara na Lindi hudhani kote ni pwani, minazi na joto. Kumbe kutoka Mikindani mpaka Newala unapanda zaidi ya mita 600, na njiani unabadilisha upepo, maji, udongo na hata blanketi. Namwandikia yeye, na mwingine yeyote aliyekwama kama yeye asome.

Vipimo nitakavyotumia

Ni vitano, na sehemu zote tatu zitapimwa kwa hivyohivyo. Cha kwanza ni maji ya kutumia, hasa ya Septemba na Oktoba. Cha pili, joto na upepo. Cha tatu, maji yanapozidi: bamvua (bahari inapojaa kupita kawaida), mafuriko, vimbunga. Cha nne, udongo na kinachoota. Cha tano ni jengo lenyewe, litakuchukulia nini na litadumu vipi. Bei ya ardhi nimeiacha makusudi. Tangu habari za gesi zianze kuvuma huku, bei ya kiwanja hufuata uvumi kuliko kiwanja.

Kabla ya yote, tuelewane kuhusu majira

Tanga na Dar es Salaam wana vuli na masika. Sisi hatuna hayo mawili. Mvua yetu ni msimu mmoja: huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukoma Aprili, mwaka mwingine hujikokota hadi Mei. Mamlaka ya Hali ya Hewa hututaja pamoja na Dodoma, Ruvuma na Mbeya, maeneo yanayopata mvua mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo shemeji hatashangazwa na mpangilio, atashangazwa na wingi: mji wa Mtwara hupata kama milimita 1,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya anayoizoea. Sababu ni ukanda wa mvua unaolifuata jua. Jua likienda kusini Desemba, ukanda huja juu yetu. Likirudi kaskazini, unatuacha na kiangazi kirefu.

Katikati ya msimu huo kuna mtego. Mwishoni mwa Januari au Februari mvua hukata, wiki moja, mbili, na mahindi yaliyokuwa yanaanza kubeba hunyong'onyea. Mkulima mgeni huona kama bahati mbaya. Mwenyeji huwa ameshapanda muhogo pembeni.

Pepo nazo ni mbili. Kaskazi hutawala Desemba mpaka Machi, lina joto na unyevu, na bahari hutulia kiasi. Kusi huingia Aprili au Mei, hukaza Juni hadi Agosti, hupoza na kukausha, na huichafua bahari. Kusi likishika, bei ya samaki sokoni hupanda, kwa sababu mitumbwi midogo haitoki.

Ufukweni: Mtwara, Mikindani, Naumbu, Lindi mjini

*Maji ya kutumia.* Mjini kuna bomba, na mgao wake unaujua ukihamia. Nje ya mji utachimba kisima, na hapo pwani ina tabia yake. Maji matamu ya mvua hukaa juu ya maji ya chumvi ardhini, kama mafuta juu ya mchuzi. Ukichota kwa ndoo, unakunywa utamu. Ukifunga pampu ukavuta kutwa kucha kumwagilia bustani, chumvi inapanda, na ikishapanda haishuki kesho. Mwaka wa kwanza kila kisima cha pwani ni kitamu, kwa hiyo muulize jirani aliyechimba zamani.

*Joto na upepo.* Mchana wa Desemba hadi Machi hufika nyuzi 31 au 32, na unyevu hufanya uhisi zaidi. Usiku wa Julai hushuka hadi 19 au 20, shuka moja inatosha. Ila ufukwe si mmoja. Shangani pale Mtwara imeelekea bahari kuu, kusi linakupiga usoni na mbu hawatui. Mikindani imejificha ndani ya ghuba. Ndiyo maana majahazi yaliipenda, na hata Livingstone alianzia safari yake hapo mwaka 1866. Utulivu huohuo, mwezi wa pili saa nane mchana, hukufanya utafute mwembe ulale chini yake. Lindi mjini nako mji umebanwa kati ya ghuba na vilima: aliye bondeni anatoka jasho, aliye kilimani anapata upepo.

*Maji yanapozidi.* Hapa nitakaa kidogo. Mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, huja bamvua, na tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita tatu. Kubwa kuliko zote ni za karibu na Machi na Septemba. Dalali hatakupeleka kiwanjani siku hizo. Atakupeleka maji yakiwa mafu, bahari iko mbali kule, mchanga mweupe, unaona picha ya veranda yako. Nenda peke yako, utazame chini. Utakuta mstari wa mwani mkavu, makumbi, kandambili moja isiyo na mwenzake na vipande vya chupa za plastiki. Huo ndio mpaka ambao bahari imejiwekea. Naumbu nimeukuta mstari kama huo nyuma ya mpera ambao muuzaji alisema ndio unaotenganisha kiwanja na ufukwe. Mpera wenyewe ulikuwa umekauka matawi ya upande mmoja.

Sheria nayo ina mpaka wake: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingo wa mto. Pima kwa futi kamba, usipime kwa macho ya muuzaji.

Vimbunga ni nadra kwetu, kwa sababu karibu na ikweta hukosa nguvu ya kujizungusha. Nadra, lakini vipo. Aprili 1952 kimbunga kilipiga pwani hii na kuua watu. Aprili 2019 Kenneth kilikuja mpaka jirani. Watu wa Mtwara waliambiwa waende sehemu za juu, kisha kikatua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Mei 2024 Hidaya kilitua upande wa Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam wilayani Kilwa. Utaona miezi yenyewe: Aprili, Mei, mwisho wa msimu, wakati watu wameshaacha kutazama juu.

*Udongo.* Sehemu nyingi ni mchanga juu ya mawe ya matumbawe. Nazi, muhogo, mikorosho na kunde vinakubali. Mchicha utauombea mbolea. Baharini kuna mwani wa kulima na pweza wakati wa maji kupwa, kazi ambayo mstaafu mwenye magoti mazima anaweza.

*Jengo.* Chumvi hula chuma. Nyumba yangu Mikindani niliezeka bati jepesi nililoambiwa dukani kuwa ni la pwani. Mwaka wa nne nikasikia tone kitandani, nikapanda, nikabonyeza karibu na msumari, kidole kikapita. Bawaba za madirisha zilikuwa zimevimba kama mkate, hazifungi wala hazifunguki. Siku hizi natumia bati nene la alumini, na madirisha ni ya mbao ya kusugua mafuta. Kuchimba shimo la choo kwenye matumbawe nako ni kazi ya mtaimbo, na fundi atakutoza ipasavyo.

Bondeni: Lukuledi na Ruvuma

*Maji ya kutumia.* Kwa hili bonde halina mpinzani. Maji yako karibu chini ya ardhi, kisima kifupi kinatosha. Hata Lukuledi ukipungua sana kiangazi, watu hufukua mchangani na kupata. Ruvuma, mto wa karibu kilomita 800, haukauki. Ila ukisogea sana kuelekea Ghuba ya Lindi, bahari huingia mtoni kila inapojaa. Ukiona mikoko, jua kisima chako kitakuwa na chumvi.

*Joto na upepo.* Bonde halipati kusi vizuri. Mchana hewa imesimama, usiku mbu wanaimba kwa zamu. Lakini asubuhi za Juni na Julai ni tamu, ukungu umelala juu ya mpunga na mto huuoni mpaka saa mbili.

*Maji yanapozidi.* Februari hadi Aprili mito hii hupanda. Ruvuma ni mpana na wa mchanga, hubadili njia: shamba la mwaka huu laweza kuwa fungu la mchanga mwaka ujao. Niliwahi kumtembelea mzee mmoja kandokando ya Lukuledi, nikamuuliza mafuriko yalifika wapi. Hakusema neno. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, akaweka kiganja ukutani, juu ya kiuno changu. Alama ya tope ilikuwepo bado, imenyooka kama imepigwa kwa rula. "Hii ni ya juzi," akasema. Kisha akanyoosha mkono kuonyesha nyumba mpya ya mwanawe, juu kule kwenye mteremko, kama hatua mia tatu.

Huo ndio ujenzi wa bondeni: unalima chini, unalala juu. Anayekuuzia shamba bila kipande cha mteremko amekuuzia nusu. Kwenye Ruvuma ongeza mamba na viboko. Kuchota maji mtoni jioni peke yako si ushujaa.

*Udongo.* Mweusi, mzito, wenye rutuba inayoletwa na mafuriko yaleyale tunayoyalaani. Mpunga msimu wa mvua, na maji yakishuka wanapanda mahindi, bamia na nyanya kwenye unyevu uliobaki, wakati ambao juu kote kumekauka. Mwenye bustani bondeni mwezi wa tisa anauza wakati wengine wananunua. Kwa mtu anayetaka kilimo cha kumwingizia hela ya kila wiki, sijaona pa kushindana na hapa.

*Jengo.* Udongo wa mfinyanzi huvimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, na ukuta hufuata. Msingi uwe wa mawe na uende chini, ama jenga kwenye mteremko wenye kichanga. Barabara kuu ya kwenda Masasi inapita kwenye bonde la Lukuledi, hivyo usafiri si shida. Vijiji vya Ruvuma vya ndani, wakati wa mvua, ni habari nyingine.

Juu: Newala na uwanda wa Makonde

*Maji ya kutumia.* Uwanda huu ni sahani iliyoinamia baharini, magharibi juu, mashariki chini. Udongo wake ni mchanga mwekundu wenye kina kirefu. Mvua inanyesha, inazama, inatokea mabondeni. Juu hakuna mto wala chemchemi. Bibi zetu waliteremka ukingo usiku wa manane na vibuyu, wakarudi jua limechomoza na maji ya siku moja. Bomba la Makonde ni mradi wa tangu kabla ya uhuru: maji husukumwa kwa pampu kutoka Mitema, bonde la Kitangari. Pampu ikigoma au umeme ukikatika, Newala nzima inajua kabla ya saa sita.

Kwa hiyo watu hujenga visima vya kuvunia maji ya bati, na hesabu yake haitishi. Bati la mita za mraba 60, mvua ya milimita 900, ni lita 54,000. Toa zinazomwagika, baki na kama 43,000. Familia ya watu watano, kila mmoja lita 20 kwa siku, kwa siku 180 za ukame, inahitaji lita 18,000. Tangi la chini la lita 20,000 lililosakafiwa vizuri linakutoa. Usipolijenga, utanunua madumu, na mwezi wa kumi dumu lina bei ya mwezi wa kumi.

*Joto na upepo.* Hewa hupoa kama nyuzi sita kila ukipanda mita elfu moja, hivyo Newala ni baridi kuliko Mtwara kwa nyuzi kama nne. Sikiliza vizuri: Julai, usiku, na kusi linapiga ukingo, utataka koti. Nenda Shimo la Mungu alfajiri, pale ardhi inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma linafunguka chini yako hadi Msumbiji. Ukungu uko chini, wewe uko juu. Shemeji ana shinikizo la damu na joto humchosha, kwa hiyo kipimo hiki kwake ni kizito.

*Maji yanapozidi.* Bahari haikufikii, mto haukufikii. Kinachokufikia ni korongo. Mchanga huu ukiachwa wazi, maji ya mvua huula, na ukingoni makorongo husogea mwaka hata mwaka. Usinunue karibu na ukingo kwa ajili ya mandhari.

*Udongo.* Korosho. Huku watu huhesabu mikorosho kabla ya kuhesabu ekari. Maua hutoka kipupwe, na baridi na umande wa majira hayo huleta ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu, ndiyo maana Juni na Julai unasikia mashine za kupulizia salfa tangu alfajiri. Mavuno huanza Oktoba, yanataka jua. Mvua ikiwahi Novemba, korosho hulowa na daraja linashuka mnadani. Muhogo na mbaazi huota vizuri. Ming'oko, viazi vya porini, unaichimba, hailimwi, na ndiyo chakula cha asubuhi cha watu wengi.

*Jengo.* Bati hudumu, misumari hudumu, kuta hazipasuki. Gharama yako ni tangi, na lori la kupandisha vifaa.

Jambo moja lisilo la hewa: kwa Wamakonde neno la mjomba katika ardhi ni zito. Hata kama baba mwenye shamba amesaini, waite wajomba wakae kwenye mkeka na wao wasikie.

Kwa hali yako

Ukitegemea pensheni, hulimi cha kuuza, unataka hospitali na soko karibu na jioni ya upepo, tafuta pwani, lakini kiwanja cha safu ya pili au ya tatu, juu ya mstari wa makumbi. Weka akiba ya bati.

Mwenye nguvu na watoto wa kusaidia, anayetaka hela ya mboga na mpunga, bonde linamlipa. Asikubali bila kipande cha mteremko, na asinunue mpaka jirani amwonyeshe alama ukutani.

Asiyevumilia joto, au mwenye subira ya kusubiri hela mara moja kwa mwaka wakati wa mnada, Newala na jirani yake Tandahimba zinamfaa, tangi likitangulia nyumba. Asiyeweza kulijenga tangi kwanza, namshauri akae Mtwara mjini apange, huku shamba la juu akiliangalia msimu.

Wapo pia wanaogawanya: nyumba pwani, ekari mbili bondeni kwa mdogo wake. Huko ni kuaminiana zaidi kuliko hali ya hewa, na mimi siingii.

Shemeji anakuja Oktoba. Alitaka kuja Machi, nikamkatalia, maana Machi kote ni kijani na kila kisima kimejaa. Nimeshatazama mwezi: tutaanza Naumbu siku ya bamvua, tufike saa tisa alasiri, maana siku hizo maji hujaa majira ya saa kumi. Kesho yake bondeni kwa yule mzee. Newala tutalala siku mbili, na nimemwambia abebe koti na dumu tupu.